Kuunda Kikundi cha Wanawake Wapatanishi Kilimani Baada ya Vita: Mwongozo Kamili kwa Walioanza Wakakwama

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanawake wa Burundi, hasa wa Rumonge, Nyanza-Lac na Makamba, ambako wakimbizi waliorejea kutoka Tanzania wamekuta watu wengine wakilima mashamba yao, na kwa yeyote anayewasindikiza katika kazi hiyo. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni lile lile: kwa nini kikundi kilichozinduliwa kwa ngoma na sare za kitenge kinakufa kabla ya mavuno ya pili?

Nimeketi na vikundi vya namna hiyo vya kutosha, na nimeona kwamba karibu vyote vilianzia mwisho. Vilichagua mwenyekiti kabla ya kuijua migogoro, vikahudhuria semina kabla ya kupokea kesi, na kesi ya kwanza waliyoishika ikawa ile nzito kuliko zote, ambayo hata mahakama ilikuwa imeizungushazungusha kwa miaka. Chimbuko la vita tutaliacha kwa wanahistoria. Hapa tunafuata kazi yenyewe, kwa mpangilio ambao nimeuona ukifanya kazi. Neno kilima katika maelezo haya lina maana ya ngazi ya chini kabisa ya utawala nchini Burundi, yenye baraza lake la watu 5 waliochaguliwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Madaftari 2 yenye jalada gumu, moja la kesi na moja la fedha, ambayo hayachanganywi kamwe.
- Karatasi za kaboni, kalamu na pedi ya wino kwa ajili ya alama za dole gumba.
- Kamba ya katani yenye urefu wa mita 50, iliyofungwa fundo kila baada ya mita 5.
- Sanduku lenye kufuli 3, ambalo funguo zake zinashikwa na wanawake 3 wasioishi nyumba moja wala ukoo mmoja.
- Simu 1 yenye salio, pamoja na namba za kituo cha afya, polisi, mkuu wa kilima na ofisi ya komuni, yaani ngazi ya utawala inayokusanya vilima vingi.
- Mahali pa kukutania pasipo nyumbani kwa mtu. Kivuli cha mti karibu na njia kinafaa kuliko sebule ya tajiri, kwa kuwa anayemwogopa mwenye sebule hatakuja.

Fulana, bango na mhuri si vitu vya lazima. Mhuri hasa ningewashauri muuache kabisa katika mwaka wa kwanza, kwa sababu wazee wakiuona watadhani mmefungua mahakama, nao watakuwa na haki ya kudhani hivyo.

## Hatua ya 1: Orodhesheni migogoro kabla ya kumchagua yeyote

Tengeni wiki 2. Wale wanawake watatu au wanne wenye wazo wapite kisimani, sokoni, mashambani na kwenye foleni ya zahanati, wakisikiliza bila kuandika mbele za watu. Jioni wakae pamoja na kuandika walichosikia: ni mgogoro wa nini, kati ya watu wa aina gani, umeanza lini, na umekwisha kupelekwa wapi. Majina yasiandikwe katika hatua hii, kwa maana daftari likianguka mikononi mwa mtu mbaya, orodha ya wanaogombana hugeuka kuwa orodha ya wanaowindwa.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba viongozi huona mgogoro mmoja tu, nao ni ardhi. Katika kilima kimoja nilichokitembelea, orodha ya kisimani ilileta aina 11 za ugomvi, na ardhi ilikuwa ya tatu kwa wingi. Uliotangulia ulikuwa wa zamu ya maji: wanawake waliorejea waliitwa "Watanzania" na kusukumwa mwisho wa mstari hata wakifika alfajiri. Uliofuata ulihusu watoto waliosoma kwa Kiswahili kambini, wakachekwa darasani kwa kutojua Kirundi cha shule wala Kifaransa, na mama zao wakarushiana maneno njiani.

Mtakuwa mmefaulu mkiwa na orodha ya migogoro kati ya 15 na 30, iliyogawanywa katika mafungu 3: ile midogo mnayoweza kuianza mwezi ujao, ile mizito itakayosubiri, na ile ambayo si yenu kabisa. Fungu hilo la mwisho tutalirudia katika hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Chagueni wanawake kutoka kila upande uliojeruhiwa

Idadi nzuri ni wanawake 9 hadi 12. Wakipungua hapo, wagonjwa wawili na mfiwa mmoja wanatosha kuvunja kikao. Wakizidi, kila mtu atangoja mwenzake afanye kazi.

Wawemo waliorejea mwaka 2008 na 2009 kutoka makazi ya zamani ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania, waliorudishwa kambi ya Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, waliokuja karibuni kutoka kambi za Nduta au Nyarugusu, waliobaki kilimani wakati wote, na waliohamia hapo kutoka mikoa mingine. Wahutu, Watutsi na Watwa wawemo, na Mtwa asiwekwe kama pambo la kuonyesha wageni. Tafuteni pia mjane wa vita na mke wa aliyekuwa mpiganaji. Hao wawili wakiweza kukaa mkeka mmoja, kilima kizima kitatazama. Kundi lolote lisizidi theluthi moja ya wanachama.

Hapa kuna makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni kuchagua wanaojua kusoma na kuandika peke yao. Mnahitaji waandishi wawili tu. Waliobaki wachaguliwe kwa sababu watu huwapelekea siri zao tayari, na jambo hilo halipimwi kwa cheti. La pili ni kumpa mke wa mkuu wa kilima uenyekiti ili kujipendekeza. Anaweza kuwa mwanachama mwema kabisa, lakini akiwa mwenyekiti, kila mwenye malalamiko dhidi ya utawala atapita mbali.

Uenyekiti uzungushwe kila baada ya miezi 6, na anayeingia asitoke upande mmoja na anayetoka.

## Hatua ya 3: Nendeni kwa wazee kabla habari haijawafikia

Burundi haina upungufu wa wapatanishi wa kiume. Kuna Bashingantahe, yaani wazee wapatanishi wa jadi, kuna baraza la kilima, na tangu sheria ya mwaka 2021 kuna baraza la wazee wa usuluhishi linalojulikana kama Intahe yo ku Mugina. Kikundi chenu kikizaliwa bila wao kuambiwa, watakiua kwa neno moja tu: "wale wanawake wanataka kutuvua nguo."

Nendeni watatu, wa umri tofauti, mkiongozwa na aliye mkubwa. Salimieni kwa utaratibu wa mahali, kaeni mpaka mtakapoulizwa, kisha semeni jambo lenu kwa ufupi. Maneno yaliyofaulu mahali pengi ni kama haya: "Wazee wetu, hatukuja kuhukumu. Yapo mambo yanayoanzia jikoni na kisimani ambayo yakifika kwenu yamekwisha kuwa panga. Tunaomba tuyashike yakingali maneno, na yakitushinda tuyalete hapa." Hakuna uongo ndani yake, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Acheni barua moja kwa mkuu wa kilima, na nakala yake iliyosainiwa ibaki sandukuni.

Mtajua mmepokelewa siku mzee atakapowatumia kesi yeye mwenyewe. Ikipita miezi 3 hajawatumia hata moja, rudini mkaulize kwa heshima ni nini kimemkwaza.

## Hatua ya 4: Anzeni na jambo dogo linaloonekana kwa macho

Msiguse shamba lolote kabla ya kumaliza mambo madogo matatu. Mtu akabidhi urithi wa watoto wake kwa wapatanishi ambao hajawahi kuwaona wakipatanisha hata zamu ya ndoo?

Wanawake wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, walilijua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati koo zao zilipokuwa zikiuana. Baadhi yao, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja, walianza kuzungumza wakiwa harusini, na kazi yao ya mwanzo ikawa sokoni: kuhakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kufukuzwa. Walikwenda kwa wazee na vijana wakiwa tayari na soko lililotulia la kuonyesha.

Kwenu inaweza kuwa zamu ya kisima iliyoandikwa ubaoni, shamba la mihogo linalolimwa na waliorejea pamoja na waliobaki, au mazungumzo na mwalimu kuhusu mtoto anayechekwa. Mikutano yote iwekwe alasiri za siku za kazi baada ya kutoka shambani. Asubuhi ya Jumamosi ni ya kazi za umma, Jumapili ni ya ibada, na mwanamke anayelazimika kuchagua kati ya kikundi na mojawapo ya hayo atakiacha kikundi.

Ni vizuri pia kuanzisha kuweka na kukopa katika hatua hii, kwa hisa ambayo maskini kuliko wote anaiweza. Mtu aliyekopa fedha iliyowekwa na mama wa upande wa pili huwa mgumu kuamini uvumi kwamba mama huyo anapanga kumchinja usiku.

## Hatua ya 5: Wekeni mipaka ya kesi ambazo hamtazishika

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoleta madhara makubwa kuliko nyingine zote. Ubakaji, mauaji, silaha zilizofichwa, ukatili dhidi ya mtoto, na kipigo kinachohatarisha uhai havipatanishwi. Viandikeni katika ukurasa wa kwanza wa daftari la kesi, na kila mwanachama aweke dole gumba chini yake.

Kikundi kimoja, ambacho nilikuwa nikikisifu sana, kilipokea kesi ya binti aliyebakwa na kijana wa familia yenye nguvu. Wanawake wale, kwa nia njema na kwa kuogopa damu kumwagika, walikubaliana na wazee kwamba familia ya kijana ilete mbuzi na kreti mbili za bia. Bia ikanywewa. Binti alikuwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na hakuna aliyemwuliza. Miezi michache baadaye alihama, na tangu hapo hakuna msichana aliyekuja tena kwa kikundi kile kwa jambo lolote.

Akija kwenu aliyebakwa, fanyeni yafuatayo, na mfanye kwa haraka:

1. Mwanamke mmoja tu amsikilize, faraghani, bila kumhoji mara mbili wala kuuliza alikuwa amevaa nini.
2. Asioge na asifue nguo, iwapo anaweza kuvumilia. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani za ndani ya plastiki huoza na ushahidi hupotea.
3. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndivyo bora. Za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120. Kituo cha Seruka mjini Bujumbura na kituo cha Humura mjini Gitega vimeanzishwa kwa ajili ya watu kama yeye.
4. Kwenda polisi ni uamuzi wake. Mweleze kwamba sheria ya tarehe 22 Septemba 2016 inaadhibu ukatili wa kijinsia, kisha mheshimu atakachoamua.
5. Katika daftari andikeni tu tarehe na neno "amesindikizwa". Jina lisionekane popote.

Wazee wakiwashinikiza mpatanishe, wafungulieni ukurasa wa kwanza. Karatasi iliyotiwa alama kabla ya kesi kutokea ina nguvu ambayo maneno ya siku hiyo hayana.

## Hatua ya 6: Shikeni kesi ya ardhi, shambani kwenyewe

Sasa mko tayari kwa kesi iliyowaleta wengi wenu hapa. Kabla ya kupanga siku, ulizeni pande zote mbili kama shamba limewahi kupita kwenye tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006 na kumaliza muda wake mwaka 2022, au kwenye mahakama maalumu ya ardhi. Likiwa na uamuzi ulioandikwa, ombeni karatasi mwione. Kikundi hakiwezi kufuta uamuzi wa mahakama, na mkijaribu mtapoteza wazee, komuni na yule aliyeshinda kwa mpigo mmoja. Mnachoweza ni kuzungumza namna ya kuishi na uamuzi huo: nani avune kilichokwisha kupandwa, na aliyeondolewa alale wapi.

Wasikilizeni mmoja mmoja kwanza. Wapatanishi wawili, mmoja wa kila upande, waende nyumbani kwa kila mgombea. Mtu hasemi hofu yake mbele ya adui, na mara nyingi hofu si ile mnayoitarajia. Aliyerejea haogopi kukosa shamba kiasi anachoogopa kuzikwa ugenini. Aliyebaki haogopi kupunguziwa kiasi anachoogopa kuitwa mwizi mbele ya wajukuu.

Kisha nendeni shambani, wote, asubuhi. Majirani wa pande nne wawepo. Mwambieni kila mmoja atembee mpaka anaoujua, polepole, bila kukatizwa. Ardhi hukumbusha mambo ambayo kikao cha kukaa hakiyakumbushi.

Nilishuhudia kesi moja karibu na ziwa, ya mzee aliyeondoka mwaka 1972 akiwa kijana na mjane aliyelima hapo tangu alipoolewa. Mzee alitembea hadi kwenye mvumu mkubwa, akapiga magoti na kuanza kufukua udongo katikati ya mizizi kwa vidole. Alitoa kipande cha jiwe la kusagia, akasema lilikuwa la mama yake, lilivunjika akiwa mtoto, likatupwa pale. Watu walinyamaza. Mjane alilitazama jiwe kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hilo jiwe nimekuwa nikilikwepa kwa jembe miaka yote hii." Hakuna aliyempigia makofi na hakuna aliyesema ameshindwa. Mwenyekiti wa kikundi, mama ambaye hajui kusoma, aliwaomba wote wakae chini na kunywa maji kabla ya neno lolote kuendelea. Naamini maji yale ndiyo yaliyoiokoa kesi, kwa maana kijana mmoja wa mjane alikuwa amekwisha kuanza kukunja ngumi.

Wekeni mezani njia zaidi ya moja. Kugawa shamba katikati ndiyo njia inayojulikana zaidi, lakini penye michikichi haitoshi, kwa sababu thamani imo katika miti iliyopandwa na mtu mmoja juu ya udongo wa mwingine. Katika kesi ile, mzee alichukua sehemu ya juu, mjane akabaki na nyumba na sehemu ya chini, na mikungu ya michikichi iliyokuwa katikati ikavunwa kwa zamu, mwezi mmoja huyu, mwezi mwingine yule, kwa miaka 3, ndipo mstari wa miti ulipogawanywa. Njia nyingine ni kulipa fidia kwa awamu, au kumwachia mkaaji avune misimu miwili kabla ya kuhama. Mapendekezo yatoke vinywani mwa wagombea, ninyi kazi yenu ni kuuliza, "Na baada ya hapo itakuwaje?"

Pimeni kwa kamba na pandeni alama siku hiyo hiyo. Mafundo ya kamba yahesabiwe kwa sauti, na watoto wa pande zote mbili washike ncha zake, kwa kuwa wao ndio watakaoulizwa baada ya miaka 40. Pandeni minyaa kwenye mstari. Mpaka uliosemwa bila kupandwa huhama usiku.

Tahadhari kuhusu wanawake wenyewe. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya urithi wa ardhi. Mila ndiyo inayotawala, na kwa mila binti hupewa kipande cha kutumia tu, kiitwacho igiseke, nacho kinategemea hisani ya kaka zake. Kwa hiyo wanaume wawili wakipatana kwa furaha, chunguzeni nani aliyefutwa katika mapatano hayo. Mara nyingi ni dada aliyeachika au mjane ambaye ndoa yake haikuandikishwa komuni. Nimeona vikundi vya wanawake vikitia sahihi mapatano ya namna hiyo bila kugundua, na nikiri kwamba katika kimojawapo nilikuwepo na mimi pia sikugundua. Ulizeni kila mara: "Ni wanawake gani wanaokula kutoka shamba hili?" Majina yao yaingie katika maandishi. Na kwa kuwa sheria ya ardhi ya mwaka 2011 imewezesha ofisi za ardhi za komuni kutoa hati, washaurini mume na mke waombe majina yote mawili yaandikwe.

## Hatua ya 7: Andikeni, kisha rudini

Maandishi ya mapatano yawe mafupi kiasi cha kusomwa kwa sauti mara mbili bila watu kusinzia. Mfano wake ni huu:

> Leo tarehe ____, katika kilima cha ____, mbele ya majirani waliotajwa hapa chini, ____ na ____ wamekubaliana kwa hiari yao. Mpaka unaanzia ____ hadi ____, mita ____, na umepandwa minyaa. Mazao yaliyopo yatavunwa na ____ mpaka tarehe ____. Wanaokula kutoka shamba hili ni ____. Likitokea tatizo, wa kwanza kuambiwa ni ____.

Kila upande uweke sahihi au dole gumba, pamoja na majirani wawili na mzee mmoja. Kwa kaboni mtapata nakala 3: moja kwa kila upande na moja ya sanduku. Someni kwa Kirundi, na kwa Kiswahili pia kama waliorejea wanakielewa zaidi. Mtu asitie dole juu ya maneno ambayo mtoto wake ndiye atakayemfafanulia baadaye.

Kisha rudini baada ya siku 30, na tena wakati wa mavuno. Wengi huiruka ziara ya mavuno, ilhali ndiyo inayoonyesha kama suluhu ipo au imeandikwa tu.

## Hatua ya 8: Fedha, bia na wafadhili

Hamtozi ada. Bia hamnywi mpaka kesi iwe imefungwa, na hata hapo inywewe na pande zote mbili kutoka chombo kimoja, isiwe zawadi ya mshindi kwa wapatanishi. Nauli ya anayesindikiza mgonjwa hutoka katika mfuko wa jamii wa kikundi cha kuweka na kukopa, nayo huandikwa siku hiyo hiyo.

Akija mfadhili, mwambieni mnahitaji madaftari, salio la simu na nauli za kituo cha afya. Akileta posho za semina kwa wanachama wanne kati ya kumi na wawili, mgawane au mkatae; nimeona vikundi vilivyonusurika kwenye vitisho vikivunjwa na bahasha.

## Hatua ya 9: Pelekeni orodha yenu juu

Katiba ya mwaka 2005, na ile ya 2018 baada yake, zinawahakikishia wanawake angalau asilimia 30 katika serikali na bunge. Kilimani hakuna mgao huo, na ndiyo maana mabaraza mengi ya watu 5 hayana mwanamke hata mmoja. Baada ya mwaka mmoja wa kazi, mtieni moyo mmoja wenu agombee; atakuwa na daftari la kesi zilizofungwa, jambo ambalo wagombea wengi hawana. Akichaguliwa, aache uongozi wa kikundi.

Mnapokwenda komuni, nendeni na karatasi moja. Wanawake wa Burundi kutoka vyama vilivyokuwa vikipingana, waliokutana Arusha mwezi Julai 2000, walitoka na orodha moja ya madai iliyoandikwa, na mengi kati ya hayo yaliingia katika mkataba wa amani uliotiwa sahihi tarehe 28 Agosti mwaka huo. Dai lao la asilimia 30 halikuingia. Lilingoja katiba ya 2005. Kwa hiyo lisiloingia mwaka huu libaki kwenye orodha ya mwaka ujao, kwa maneno yale yale.

## Hatua ya 10: Jiandaeni kwa siku mambo yatakapochafuka

Vikundi vingi hupangwa kana kwamba amani haitayumba tena. Mwaka 2015, Burundi ilipoingia katika msukosuko, mtandao wa wanawake wapatanishi 534 uliosambaa nchini ulifanya kazi kubwa ya kuzima uvumi na kutuliza ugomvi katika maeneo yao. Walikuwa watu wanaojulikana mahali wanapoishi, na hilo halitengenezwi siku ya moto.

Kubalianeni mapema juu ya mambo manne. Mikutano ya hadhara isimame mara moja, na wanachama wawasiliane wawili wawili. Uvumi wowote uulizwe kwa mtu aliye mahali penyewe kabla ya kurudiwa, hata kama umeletwa na kaka yako. Mwanachama anayetishiwa ajue ni nyumba gani atalala, nayo isiwe ya ndugu yake, kwa kuwa kwa ndugu ndiko atakakotafutwa kwanza. Na daftari la kesi litolewe sandukuni, lifungwe kwa plastiki na kufichwa na mwanamke mmoja, ambaye mahali alipolificha anapajua yeye na mwenzake mmoja wa upande wa pili.

Hali ikitulia, kikao cha kwanza kiitwe chini ya mti ule ule. Daftari lifunguliwe, iandikwe tarehe, iandikwe nani hayupo na kwa nini, kisha isomwe kesi ya mwisho iliyokuwa inangoja ziara ya mavuno, na wawili wapangwe kwenda.